Katoni Tatu za Shalghamu

Jumamosi, 25 Oktoba
Habari mbaya. Jumba la makumbusho la hapa Maskati limetangaza siku ya familia, Ijumaa ijayo: Halowini na hadithi za kale za Ayalandi. Watu watachonga taa za shalghamu, ile mboga ya mzizi, ya mviringo kama kiazi kikubwa, kama walivyofanya wenyewe huko kabla ya kuyajua maboga. Kila familia ije na shalghamu yake. Kila mtoto aje na mkubwa mmoja tu. Mmoja! Mwanangu Hadeel, miaka tisa, hakufikiri hata kidogo. Kasema atakwenda na mjomba wake Yazid. Eti mimi mwaka jana niligandisha kanzu yangu kwa gundi kwenye mradi wake wa skuli. Nimeumia, sisemi uongo. Shemeji Yazid hana mke, hana mtoto, ana mikono ya seremala na kila mtu anampenda. Lakini bila shalghamu ataingia na nini?

Jumapili, 26 Oktoba
Siku ya kwanza ya wiki ya kazi, na nimeaga kazini Rusayl kuwa jino linauma. Mbio mpaka soko la Mawaleh. Hakuna soko! Mazoea ya miaka ishirini. Nimesahau kuwa limehamia Khazaen. Safari upya, juani. Msimu bado, kwa hiyo nimenunua zote nilizoziona, katoni tatu. Muuzaji kaniuliza nafungua hoteli gani. Nimezificha stoo, nyuma ya magunia ya mchele. Hadeel alinifuata, ana jambo la kuniambia. Nikamwambia baadaye, nina kazi.

Jumanne, 28 Oktoba
Yazid kapiga simu. Kazunguka Azaiba nzima, shalghamu haionekani. Nikampa pole. Pole ya moyoni kabisa! Hadeel kanuna, kauliza sasa itakuwaje. Nikamwambia baba yake anayo, ila shalghamu hiyo inakwenda na mwenyewe. Akasema basi twende. Ushindi!

Alhamisi, 30 Oktoba
Balaa. Katoni tupu, zote! Mama mkwe, Bi Mahfudha, alifuata mchele akazikuta. Katika nyumba yetu, mboga ikikaa siku mbili bila mwenyewe hugeuzwa achari. Ndoo nne zimepangwa jikoni, pilipili na siki. Akanisogezea kijiko. "Sleiman mwanangu, nnakuona unatoka jasho, na hata hujaonja." Chupa ya kwanza keshampelekea Yazid. Imesalimika shalghamu moja nzima, ngumu, iliyoshinda kisu. Nimeivua ndani ya ndoo.

Ijumaa, 31 Oktoba
Binti mfanyakazi wa makumbusho, jina lake Alaa, katueleza kuwa watu wa Ayalandi waliamini usiku wa leo mizimu hutoka kuzurura, ndiyo wakaweka mlangoni taa yenye sura mbaya, iikimbize. Tukachonga. Nikajifuta jicho kwa kidole cha pilipili. Nikalia mbele za watu. Hadeel akachonga meno peke yake, mazuri sana. Tukawasha mshumaa ndani. Shalghamu ikapata moto, siki na pilipili zikapanda. Akakohoa mtoto mmoja, wakafuata wanane, kisha ukumbi mzima ukahamia kwenye maegesho ya magari. Alaa, machozi yanamtiririka, akasema kama mizimu ilikuwepo, sasa haipo.

Tuzo ya taa bora wamepewa wengine. Hadeel alicheka mpaka akakaa chini. Kwenye gari akaniambia kuwa siku ile ya Jumapili alitaka kunieleza amebadili mawazo, anataka kwenda na mimi. Yazid alikuwa anatutafutia sisi shalghamu! Nikamuuliza kwa nini mimi. Akasema akienda na mjomba wanashinda tu, halafu wanarudi nyumbani. Nimefurahi mpaka jicho limeniuma upya.

Jumamosi, 1 Novemba
Nimetafakari sana. Kosa langu nimeliona: stoo haikuwa na kufuli. Leo nimenunua kufuli. Makumbusho wametangaza siku ya kurusha tiara mwezi wa Disemba, mkubwa mmoja kwa kila mtoto. Hadeel kasema Baba, papo hapo, mbele ya Yazid. Yazid akacheka, akanipa mkono wa hongera. Mkono ule sikuuamini. Nimeulizia nani anauza uzi wa tiara hapa Maskati. Maduka manne tu. Kesho jino litaniuma tena.