Kikapu cha Sita

Jumatatu, 3 Juni
Karakana ya vikapu imebandika tangazo. Wanatafuta mwalimu. Cheti hakihitajiki, mtu alete kazi ya mkono wake tu. Mke wangu kanisomea mara mbili, maana herufi nazijua lakini zikijipanga nyingi zinanichosha.

Nimeshapata kazi. Bado wao kujua.

Nimepita kwa kinyozi kumweleza kwamba ujanani nilishona kikapu kikatekewa maji, hakikuvuja tone. Kinyozi kaniomba viganja. Kavigeuza, kasema ni laini kama kisigino cha kichanga, labda hicho kikapu nilikishona kwa mdomo. Wateja wamecheka. Wivu ni ugonjwa.

Jumanne, 4 Juni
Nimejaribu kushona, kujikumbusha tu. Unakunja fungu la nyasi, unalizungusha, unalifunga kwa uzi na sindano, unazunguka tena. Mtoto angeweza. Sindano imenichoma mara saba. Mke wangu kauliza kama hiyo ni kofia ya kuku mgonjwa.

Anayeshona kweli humu ndani ni mkwe wangu, mke wa mwanangu. Amemaliza miezi yake ya mafunzo, sasa yuko kwenye majaribio. Ijumaa apeleke vikapu sita. Vyote vikipita, anapewa mkataba: mshahara kila mwisho wa mwezi, akiugua analipwa, akijifungua analipwa. Mwanangu anasukuma mkokoteni, akipata kazi siku moja, tatu anakaa. Huo mkataba ndio wa kututoa kwenye chumba hiki, ambacho mvua ikinyesha tunahamisha kitanda, kisha tunahamisha tena.

Vikapu vyote sita viko tayari, vimepangwa juu ya kabati. Vizuri, sikatai.

Jumatano, 5 Juni
Sikuiba. Kikapu kilikuwa nyumbani kwangu, kikatoka na mimi matembezi.

Fundi mkuu wa karakana ni mama mnene, mpole, haongei sana. Kakipindua kikapu, katazama kitako muda mrefu. Kauliza nimeshona miaka mingapi. Nikasema arobaini, kisha nikaona ni michache, nikaongeza mitano. Kasema basi mzee wangu keti, nishonee mizunguko miwili. Nikasema macho. Akaleta miwani. Nikasema mgongo. Akaleta kiti chenye mto. Nikashika sindano kwa mkono wa kulia, kama watu wote wenye adabu zao. Kautazama ule mkono, kaandika kitu kwenye daftari, kaniambia yatosha, nirudi Ijumaa. Kikapu kabaki nacho.

Kazi imeiva. Nimepita kwa kinyozi makusudi, sikumsalimia.

Alhamisi, 6 Juni
Mkwe kahesabu vikapu. Vitano. Kahesabu tena. Nimemsaidia kutafuta, nimeinama mpaka chini ya kitanda, mgongo wenyewe huu. Mke wangu alikuwa ananitazama mimi, si chini ya kitanda.

Kikapu kimoja ni kazi ya siku nne. Mkwe kakaa sakafuni, kaanza kingine. Hakulia. Angelia ningejua la kumwambia. Nikasema mwanangu usijali, baba yako nina mipango. Akasema, bila kuinua kichwa, baba, naomba mipango yako ipumzike kidogo.

Nimemuonea huruma. Hajui kesho atakuwa mkwe wa mwalimu.

Ijumaa, 7 Juni
Mkwe kafika na vitano na kipande. Mimi nimefika na kanzu iliyopigwa pasi.

Fundi mkuu kaweka kikapu changu mezani, kawaita wanafunzi wote. Kawaonyesha kitako. Anayeshona kwa kulia, kasema, mzunguko unakwenda huku. Hiki kimekwenda kule. Humu ndani mwenye mashoto ni mmoja tu. Wote wakamtazama mkwe wangu. Mkwe akanitazama mimi. Mimi nikatazama dirisha, lina kioo kizuri.

Mkwe kaulizwa kikapu ni cha nani. Kasema chake. Kaulizwa kilifikaje hapa. Kasema baba alitangulia kukileta. Hapo nikaona kwamba binti huyu ana akili.

Wamekagua vyote sita. Vimepita. Mkataba wamemsomea wote kabla hajasaini. Kauliza mara mbili kuhusu likizo, na mara moja kama stoo ya vikapu ina kufuli.

Nami sikutoka bure. Nimepewa nafasi ya mafunzo, benchi la wanaoanza, Jumatatu saa mbili. Fundi mkuu kasema hadithi zangu zitasikilizwa wakati wa mapumziko.

Jumapili, 9 Juni
Nimekaa siku mbili nikitafakari nilipokosea. Nimepaona. Nilishika sindano kwa mkono mbaya.

Tangu jana kila kitu nafanya kwa kushoto. Chai imeishia kwenye shati. Hata haya naandika kwa kushoto, ndiyo maana herufi zinakimbiana. Kinyozi kauliza nina nini mkononi, nikamweleza kwamba mashoto ni ya ukoo wetu, na mkwe wangu kayapata kwetu.

Kesho siendi na mikono mitupu, mwalimu mzima. Mkwe kaanza kikapu kipya, tena kizuri kuliko vile sita. Nimeshakitia kwenye mfuko.