Shati Langu Kwenye Mtihani wa Marudio

Leo nimeaibika, jamani, na aibu yenyewe iko kwa maandishi.

Mnajua matokeo yetu ya kumaliza sekondari yamechelewa mpaka tumekonda. Kumbe tulichokuwa tunasubiri hakipo! Wiki iliyopita tukaambiwa mtihani wa hesabu wa kituo chetu umefutwa, karatasi ilivuja, tutarudia leo. Nikalia. Shule ya uuguzi kule Bujumbura imenishikia nafasi hadi mwisho wa mwezi tu. Nilipompigia sekretari kumbembeleza, alinijibu hivi: "Dada, bila résultats, nafasi yako iko ya mwingine." Akakata.

Basi nikasoma sana. Nilichosahau ni sare. Tangazo lilisema wazi: bila sare ya shule hakuna kuingia. Na sare yangu... (hapa naomba mnivumilie) siku ile tulipomaliza tuliandikiana kwenye mashati kwa wino usiofutika. Nani angejua tutarudi? Mama amelifua shati kwa sabuni ya mawese, kwa ndimu, kwa javeli ya kutoa madoa. Shati likachakaa, wino ukang'aa! Wenzangu wameazima ya wadogo zao. Mimi ni kitinda mimba.

Nikavaa sweta juu yake. Sweta la sufu, hapa Rumonge kando ya ziwa, na jua hili mnalolijua! Nilipofika mlangoni jasho lilikuwa limefika kwenye viatu.

Msimamizi, mzee mmoja mwalimu wa hesabu aliyeletwa kutoka Bujumbura kwa sababu ya ule wizi, akanikazia macho.

"Amahoro, mutoto wangu. Uko na baridi?"

"Niko na malaria, muzee."

"Malaria. Toa triko."

"Muzee, nakuomba..."

"Iko kitu unaficha humo. Toa!"

Nikavua. Foleni nzima ikanyoosha shingo. Akaniambia nigeuke, akavaa miwani, akaanza kusoma mgongo wangu kwa sauti (kwa sauti!): "'Kwaheri hesabu, tusionane tena.' 'Directeur, tumbo lako tutalikumbuka.'"

Directeur wetu, mkuu wa shule mwenyewe, alikuwa amesimama pale pale. Na tumbo. Akajifanya anatazama ziwa.

Natamani ingeishia hapo.

"Na hii je?"

Chini kabisa, karibu na kiuno, rafiki yangu Zaina alikuwa ameandika fomula kubwa: (a + b)² = a² + b². Kituo kimefutiwa mtihani kwa wizi, halafu mimi naingia na fomula mwilini! Nikaona nafasi yangu ya uuguzi inakwenda.

"Muzee, iko mugongoni! Nitaisoma na macho gani?"

"Wewe hapana. Wa nyuma yako ndiye atasoma."

Akaisoma tena. Akasogea karibu. Halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika ukuta. "Directeur, kuja uone! 2ab iko wapi? Ageuze shati, aingie. Mwenye atakopia hii, atafeli yeye mwenyewe."

Foleni nzima ikaangua kicheko. Mimi sikucheka. Kwa sababu ile fomula si ya Zaina, mimi ndiye niliyemfundisha! Na kwenye ule mtihani uliofutwa, huo huo nilioulilia wiki nzima, niliitumia kila mahali kwa kujiamini kabisa. Wallahi, wangeusahihisha ningekuwa nimekwisha.

Nikaenda chooni nikageuza shati, nikafanya mtihani lebo ikiwa nje shingoni, na 2ab nimeiweka kila palipostahili (na pengine hata pasipostahili). Sasa tunasubiri matokeo upya, na mwezi unakwisha.

Tafadhali msinicheke. Hasa nyinyi mliokuwa mnanikopia.