Njia ya Chakula Kwenye Benchi la Kinyozi

Redio, kinyozi ambaye mdomo wake hufanya kazi kuliko mkasi wake, aliinua simu juu. "Sikieni! Mwanafunzi kalazwa hospitali! Kameza kurasa tisa za daftari la baiolojia, eti zimkae kichwani kabla ya mtihani!"

Benchi la nje ya kibanda chake likalipuka.

"Tisa? Bila hata chumvi?" aliuliza Shehena, dereva wa lori ambaye kitambi chake humtangulia popote aendapo.

"Kakosea kumeza. Angelilalia," alisema Uzi, fundi cherehani mwembamba. "Mimi nililalia daftari la hesabu mwaka mzima."

"Ukapata ngapi?"

"Nilipata shingo kukakamaa."

Mtahiniwa, aliyesimama mbele yao na daftari lake, hakucheka. Alikuwa na miaka arobaini na saba, na kesho yake asubuhi angekaa chumba kimoja na watoto wa rika la binti yake, kufanya mtihani wa kidato cha nne kwa mara ya tatu. Meneja mpya wa ghala la rangi anakofanya kazi alishasema: mtunza stoo asiye na cheti, mwisho wa mwaka aage. Baiolojia ndiyo iliyomwangusha mara zote mbili.

"Chekeni tu," alisema. "Hizo kurasa zimepita njia ya chakula, na njia hiyo ndiyo inanishinda. Nikiisoma jioni, asubuhi imeyeyuka."

"Haba na haba hujaza kibaba," alisema Karani, mstaafu ambaye hajawahi kutoka nyumbani bila tai.

"Cha huyu kimetoboka, mzee," Shehena akadakia.

"Kichwa hakitaki kukariri, kinataka sura za watu!" alifoka Redio, akaketi. "Tutazame sisi. Mimi hapa mwanzo wa benchi, kinywa."

"Hapo hujakosea," alisema Uzi.

"Shehena tumbo, halina mjadala. Uzi utumbo mwembamba. Kisha chakula kinakwenda..." Kidole kilifika mwisho wa benchi, kwa Karani, kikasita.

"Malizia."

"Utumbo mpana, mzee wangu. Pamoja na pale... chakula kinapoagia."

"Mimi? Miaka thelathini nimeshika muhuri wa ofisi, leo niwe choo cha kitambi cha huyu?" Karani aliinuka, akajipenyeza kati ya Redio na Shehena. "Mimi ni koo!"

Uzi akajikuta yuko mwisho. "Nina mke, jamani!" Akarukia mbele ya kinywa. Shehena naye, kuona zamu imemfikia, akasukuma kundi zima. Kila aliyefika mwisho alihama kama aliyekalia siafu.

"Watu wazima nyie! Tulieni basi, mtihani ni kesho!" Mtahiniwa alikuwa amesimama mbele yao na penseli, anaandika, anafuta, anaandika tena, mpaka karatasi ikatoboka.

Kesho yake saa saba mchana walikuwa pale wote, kimya, jambo ambalo kwa Redio ni ugonjwa. Mtahiniwa alikuja anaburuta miguu.

"Lile swali lilitoka?" aliuliza Redio.

"Lilitoka. Eleza safari ya chakula mwilini. Nikafumba macho, nikawaona wazi kabisa."

"Si nilisema mimi!"

"Nikawaona mnagombania viti. Chakula kimeingia kwa Redio, kikaenda kwa Uzi, kikarudi kwa Shehena, kikapanda kwa mzee. Nimekifukuza kurasa mbili. Msimamizi anakusanya karatasi, hakijapata pa kutokea."

Shehena alicheka mpaka akashika benchi, kisha akaona macho ya mwenzake yamejaa maji, akanyamaza. Aibu iliwapata wote, na iliwastahili.

"Kuna karatasi nyingine?" aliuliza Karani.

"Ya pili, Alhamisi. Mwalimu anasema njia hiyohiyo huja tena, kwa mchoro."

Karani alilegeza tai. Akainuka, akakipita kinywa, akalipita tumbo, akaupita utumbo mwembamba, akakaa mwisho kabisa wa benchi, mikono magotini.

"Nitazame vizuri," alisema. "Na ukifaulu, mtu asijue nilikaa wapi."