Madigadi ya Kumwona Mama Mkwe

"Madigadi ya chuma!"

"Ya chuma kafunge mkokoteni—"

"Marefu, yafunike gurudumu mpaka—"

"—wa maji! Baiskeli ya kukunja hii, Dishon, si trela!"

Jumamosi asubuhi nilikuwa nimefuata mahamri na mbaazi kwa Kafedha, hapa Mtopanga, nikawakuta Dishon na Kai washapandishiana sauti hata kuku wa jirani wamehama. Dishon ni mtu wa bara, mlinzi wa geti kwenye yadi moja ya makontena kule Changamwe. Twamwita Mkuu wa Bandari kwa sababu hakuna kitu duniani ambacho hajakiona bandarini. Kai ni fundi wa baiskeli, spana zake zakaa chini ya benchi letu, naye jina lake ni Daktari. Katikati yao ilisimama baiskeli yenyewe, ya samawati, magurudumu kama sahani za pilau. Na nyuma ya baiskeli, mwenye mali, Gershom, kashika kichwa.

"Kwani kuna nini?" nikauliza.

"Redio imesema mvua mpaka Jumatatu," akasema Kafedha akinipakulia. "Na kesho huyu na wazee wake waenda kujitambulisha kwa kina Velma."

Hapo nikaelewa. Kijiwe kizima chajua yaliyompata Gershom mwezi uliopita. Alienda kumsalimia mamake Velma kule Junda kwa baiskeli hii hii isiyo na madigadi, njia yote tope. Gurudumu la nyuma likamchora mstari kutoka makalioni mpaka kisogoni, naye hana habari. Akakaribishwa. Akaketi. Akaegemea. Na makochi ya mama mkwe yana vitambaa vyeupe alivyovifuma kwa mkono wake mwenyewe. Gershom alipoinuka, kitambaa kilikuwa na picha ya uti wake wa mgongo, pingili moja moja, kama ya hospitali.

"Alisemaje vile?" akauliza Kai. Ajua fika, ataka tu kusikia tena.

"Alisema nikija tena na matope, wazee niwaache nyumbani," Gershom akanong'ona. "Eti hana binti wa kumpa mtu anayejipiga plasta."

Tukacheka mpaka Kafedha akamwaga mbaazi.

"Chekeni tu. Kesho nikichafuka, Velma ndiyo basi."

"Si upande tuktuk?" nikasema.

"Nshamwambia mama nina usafiri wangu!"

"Huo ndio usafiri?" Dishon akaiinamia baiskeli. "Manze, hii ni miwani ya tembo! Ndiyo maana nasema iongezewe chuma, ipate heshima."

"Nyinyi watu wa bara mwapenda kitu kizito," Kai akasema. "Sikiza. Madigadi ya chuma ni ya baiskeli kubwa. Hapa yatakaa kama mwavuli juu ya kikombe. Halafu ikunje uone! Haikunjiki."

"Ikunjwe ya nini?"

"Mwenye nyumba wa kina Velma hataki baiskeli kwenye ploti yake," Gershom akaeleza. "Ashinda mlangoni na kigoda chake. Basi mimi naikunja, natia kwenye gunia, napita. Namwambia ni viazi."

"Hajauliza ni viazi gani vyalia kengele?" Kafedha akauliza.

"Ni mzee. Hasikii vizuri."

Nikawaambia kuna vile viplastiki vya kubana chini ya kiti, nimeviona Kongowea.

"Kile ni ulimi tu," Dishon akanikata. "Matope yatapita kando yakikupungia mkono. Mimi pale bandarini nimeona kontena nzima, madigadi ya Ujerumani—"

"Dishon, wewe bandarini umeona kontena nzima ya kila kitu. Juzi uliona ya twiga."

"Twiga wa plastiki! Wa kuchezea watoto!"

"Juzi walikuwa wakila majani."

Dishon akameza hamri zima ili asijibu. Kai akainuka, akazunguka nyuma ya banda, akarudi na dumu la manjano la mafuta ya kupikia.

"Dumu langu!" Kafedha akaruka. "Kai, weka chini! Hilo la maji!"

"Lavuja."

"Lavuja kidogo!"

"Kafedha dadangu, hii ni ndoa. Wataka ukaulizwe mbinguni: ulikuwa na dumu linalovuja, ukamnyima Gershom mke?"

Kafedha ni mwanakwaya. Mbinguni kukitajwa, hana ubishi. Akaliachia.

Kai akachoma kisu kwenye jiko la mbaazi, akakata ubavu wa dumu pale penye mviringo, akaufunga juu ya gurudumu la nyuma kwa waya na vipande vya tyubu kuukuu. Ukakaa sawasawa kama umezaliwa nalo. Akaikunja baiskeli, dumu likakunjika pamoja nayo. Akaikunjua, likarudi. Dishon akalizunguka mara mbili akitafuta kasoro.

"Ujerumani wangepaka rangi," akasema hatimaye.

"Tuijaribu," Gershom akasema, macho yashaanza kung'aa.

"Na shati jeupe," akaamuru Kai. "Lile la kesho."

"La kesho?"

"Ukijaribu na hiyo fulana nyeusi, doa tutalionaje?"

Kwa akili zetu za asubuhi ile, hakuna aliyeona kasoro kwenye hoja hiyo. Gershom akakimbia kwake, akarudi kameremeta kama bwana harusi. Mbele ya benchi mvua ya usiku ilikuwa imeacha dimbwi la kuogea bata. Akarudi nyuma, akapiga pedali, akalipasua dimbwi katikati, fyaaa, akaenda kusimama kule mwisho, katupa mgongo.

Tukamkimbilia. Mgongo mweupe! Hata tone! Kafedha akapiga vigelegele. Kai akanyanyuliwa juu. Dishon akalipigia dumu saluti.

Gershom akageuka.

Kuanzia kitovuni mpaka kwenye nyusi ni tope tupu. Meno ndiyo yaliyotujulisha kuwa ni yeye, maana alikuwa bado acheka.

"La mbele!" Kafedha akalia. "Daktari mzima umesahau baiskeli ina magurudumu mawili?"

"Malalamiko yalikuwa ya mgongo!" Kai akajitetea. "Mimi natibu malalamiko!"

"Hodi hapo."

Tukageuka. Mama Velma. Yu chini ya mwavuli, katembea kwa miguu kutoka Junda akienda sokoni, pindo la gauni limelowa. Benchi zima likawa kama kanisa Jumatatu. Gershom angekimbia, lakini macho yalikuwa yamezibwa na tope.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ni nani?"

"Ni... Gershom, mama."

Akamtazama. Akamtazama tena.

"Geuka."

Gershom akageuka. Mama akamkagua mgongo polepole, kama mtu anayenunua kitambaa.

"Mh," akasema.

Kisha akamwacha, akaizunguka baiskeli. Akalibonyeza dumu kwa kidole. Akapitisha mkono pale katikati, kati ya kiti na usukani.

"Hii haina lile bomba la juu?"

"Haina, mama," Kai akajibu kwa adabu ambayo hatujapata kuisikia. "Ni ya kukunja."

"Kwa hivyo mtu wa gauni anaweza kuipanda?"

Mama Velma akaufunga mwavuli, akampa Dishon, naye akaupokea kwa mikono miwili. Akavua viatu, akampa Kafedha. Akalikusanya gauni, akavusha mguu, akashika usukani.

"Gershom, pangusa huo uso. Halafu shika hapa nyuma ya kiti, na usiachilie mpaka niseme. Nifundishe."