Sabuni Iliyopotea kwa Sababu za Kitaaluma

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimepanga masomo ya muhula. Wenzangu wa Afya ya Jamii wameusoma mwongozo wa chuo kutafuta masomo wanayoyapenda. Mimi nimeusoma kutafuta yasiyo na mtihani. Nimelipata moja: Mradi wa Vitendo katika Jamii. Unakwenda kwenye jamii, unatafuta tatizo la afya, unalipunguza, unaandika ripoti. Nikilichukua hilo, Takwimu za Afya nazikwepa kabisa.

Rula amechagua Takwimu kwa hiari yake. Huyu ni mwanafunzi mwenzangu, aliyepewa jina hilo kwa kupigia mstari kila kitu, hata jina lake mwenyewe. Aliniuliza jamii yangu iko wapi. Nikamjibu kwamba bado naichunguza.

Uongo. Jamii yangu ni nyumba ya shangazi, ninakolala. Wapangaji kila chumba, ua mmoja, bomba moja, choo kimoja. Penye bomba moja hapakosi tatizo. Nitafanya mradi mzima nikiwa na kandambili. Akili ni nywele, na mimi nywele ninazo.

Jumanne, 4 Machi

Mshauri wa masomo ameupenda mpango wangu wa kunawa mikono. Mama mpole, husema mambo mazito kama anakukaribisha chai. Sharti moja tu: Ijumaa nimpelekee ushahidi kwamba tatizo lipo. Lisipokuwepo naingia Takwimu. Akaongeza kwamba nafasi bado zipo.

Jioni nikapindua ndoo, nikaketi karibu na bomba, kalamu mkononi. Kinyozi wa chumba cha mbele alitoka chooni, akanawa. Mkewe akanawa. Mabinti zao pacha wakanawa, wakasuguana mpaka viwiko. Fundi viatu alinawa kabla ya kuingia, akanawa tena alipotoka. Nikamuuliza sababu. Akanong'ona kwamba shangazi yangu yuko dirishani.

Kweli yuko. Shangazi ni mshonaji, cherehani yake inatazama uani, na asiyenawa huitwa kwa jina lake na la ukoo wake wote. Nyumba haina tatizo hata la dawa. Nimepatikana.

Jumatano, 5 Machi

Mtafiti hakati tamaa. Tatizo lisipokuja lenyewe, lisaidiwe njiani. Asubuhi niliitoa sabuni bombani na kuificha ndani ya kiatu changu. Huo si wizi, ni utafiti.

Kabla ya adhuhuri fundi viatu alikuwa ametoa sabuni yake. Kinyozi naye akatoa ya maji, yenye harufu ya ndimu. Pacha wakawa wananawa bila sababu yoyote, wapate kuinusa. Kunawa kumeongezeka. Nimepunguza tatizo ambalo halikuwepo.

Shangazi akatangaza uani kwamba siku za mwizi ni arobaini. Nikamuunga mkono kwa sauti. Pengine kwa sauti mno, maana alinitazama mpaka uzi ukamtoka kwenye sindano.

Alhamisi, 6 Machi

Mkakati mpya. Nilimwomba fundi viatu apite bombani bila kunawa, mara moja tu, kwa ajili ya elimu. Ni mtu wa kupenda maendeleo, akakubali.

Akatoka chooni. Akatembea polepole, mikono ameinyoosha mbele kama amebeba sinia. Akalifikia bomba. Akalipita. Cherehani ikanyamaza.

Mtu mzima yule akarudi kinyumenyume mpaka bombani na kusema, bila kuulizwa na yeyote, "Nimetumwa."

Shangazi hakupandisha sauti. "Mwanangu, sabuni iko wapi?"

Nikaleta kiatu.

"Kwa hiyo unataka tuugue ndipo ufaulu?"

Nikamweleza kwamba si kuugua, shangazi, ni kuchafuka kidogo tu. Fundi viatu alicheka mpaka akashikilia bomba. Kinyozi akaacha kichwa cha mteja nusu. Shangazi alijikaza, halafu akaficha uso kwenye gauni alilokuwa analishona, mabega yakimtikisika. Nikacheka na mimi. Sikuwa na la kufanya jingine.

Ijumaa, 7 Machi

Shangazi ameamua kunisindikiza chuoni. Amevaa nguo ya harusini. Nilimsihi abaki. Akasema mtoto wa kaka yake haendi kuaibika peke yake.

Mshauri wa masomo aliuliza ushahidi uko wapi. Kabla sijafungua mdomo, shangazi akanishika bega.

"Tatizo lipo, mama. Nimekuletea."

Akamweleza kwamba nyumba nzima inanawa, isipokuwa kijana aliyekaa juu ya ndoo Jumanne jioni. Aliinuka, akaenda chooni, akarudi moja kwa moja kwenye kalamu, kisha akala mkate. Mshauri alicheka hadi akavua miwani apanguse macho. Halafu, kwa upole uleule, akasema mtu mmoja si jamii, na somo litakalonieleza kwa nini ni Takwimu. Akanisajili palepale. Shangazi akampima mabega, atamshonea gauni.

Nyumbani wapangaji walidhani Takwimu ni kupandishwa cheo. Chai ikapikwa, pacha wakaimba, kinyozi akatoa hotuba ndefu kuhusu vijana wanaojituma. Sikuwasahihisha. Ilikuwa jioni nzuri, na nilinawa mbele ya mashahidi.

Jumatatu, 10 Machi

Kipindi cha kwanza cha Takwimu. Nimeketi na Rula. Amenieleza wastani kwa njia ambayo hata mimi nimeielewa, na aliponiona nimeelewa akatabasamu, akapigia mstari. Somo si baya kama linavyosemwa.

Wakati wa mapumziko nikafungua mwongozo. Muhula ujao kuna Lishe ya Jamii. Ina mradi, haina mtihani. Jamii nimeshaipata: kwa bibi mzaa mama, kitanda kizuri, kivuli tele, mahojiano ya kutosha. Kikwazo ni kimoja tu. Bibi anakula vizuri: mboga, matunda, maji kwa wakati wake.

Hilo linarekebishika.