Kiti Changu Kirudi Chini Yangu

Ndugu Afisa wa Kuhamasisha Biashara Changa,

Pokea salamu zangu ukiwa umekaa. Nasema hivyo makusudi, maana mimi nakuandikia nimesimama, karatasi iko juu ya friji. Sababu ni wewe.

Mwezi jana ulikuja ukumbini kwetu na kipaza sauti, ukasema kila mtu ana biashara ndani yake, aitoe. Watu wa nyumbani kwangu walikuwa safu ya mbele. Wamezitoa, na wamezitolea sebuleni kwangu. Nalalamika kwa mpangilio, ingawa shule niliiacha kabla hatujamaliza kugawanya.

1. Mkwe wangu, mke wa mwanangu, amefungua saluni. Kiti cha saluni ni kile changu cha mikono, nilichokalia miaka thelathini na moja nikishona viatu vya watu, wakiwemo wakubwa wenye soksi zilizotoboka. Nilipouliza nitakaa wapi, akajibu kwa adabu zote, "Baba, mjasiriamali hakai." Maneno hayo ni yako. Uliyasema umekaa.

2. Mwanangu anatengeneza sabuni ya maji bafuni. Madumu yamejaa hadi mlangoni. Tangu sabuni iingie bafuni, hakuna anayeoga.

3. Mke wangu anauza ushauri, na anataka nimwite Mkurugenzi. Amewashauri hao wawili waungane, vichwa vya saluni vioshwe kwa sabuni ya madumu. Mama wa kwanza kuoshwa aliondoka amejifunga kitambaa. Hajarudi kukidai kitana chake.

4. Mtaa mzima sasa unauza, anayenunua hakuna. Muuza mayai na fundi cherehani wanapeana kadi kila asubuhi, kisha kila mmoja anarudi kusinzia kwake. Nimebaki mimi tu ambaye sijafungua kitu. Nikichungulia mlangoni wananijia kama kuku walioona punje. Kwa hesabu yangu ya shule nusu, soko lote la mtaa huu ni mimi, nami nina goti bovu. Nikianguka, biashara kumi na tisa zimeanguka.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Kwanza, uandike barua yenye muhuri kiti changu kirudishwe, maana soko haliwezi kusimama kutwa. Pili, uache mshahara wako, nawe utoe biashara iliyo ndani yako. Tutakuja kuitazama. Kununua sikuahidi.

Nisalimie wote hapo ofisini, wanaofanya kazi na wanaohamasisha, na hicho kiti chako kinachozunguka.

Ni mimi mzee wako niliyechoka miguu,
Fundi Viatu Mstaafu

N.B. Barua hii ilikaa juu ya friji siku mbili, na mambo yamegeuka. Jana nilimkuta mama mmoja kwenye kiti changu, kichwa kimejaa dawa, hawezi kuinuka, na kisigino cha kiatu chake kinacheza. Nikamvua kiatu. Angekimbilia wapi? Hadi jioni nilikuwa nimegonga visigino vinne, na foleni ipo. Muhuri usilete. Mkwe wangu nimemwonya asikisogeze kiti hicho hata shibiri moja. Niletee fomu ya biashara changa, na ukija tena ukumbini niwekee nafasi mbele. Kiti usihangaike nacho. Mjasiriamali hakai.