Ombi la Kumfelisha Mume Wangu Kabla Kontena Halijaozea Sanyuanli

Mwikali wa Kioko,
Sanyuanli, Guangzhou, China.

Kwa Mkuu wa Shahada ya Uzamili ya Utawala na Sera za Ulaya.

Mheshimiwa Profesa,

Pokea salamu, wewe na wa nyumbani kwako. Naandika Kiswahili kwa sababu mume wangu Kioko, mwanafunzi wako, amenieleza kwamba Ulaya kila mwanachama hutumia lugha yake, na kutafsiri ni shida ya ofisi. Ofisi ni wewe.

Sisi ni wafanyabiashara. Mimi nanunua mabegi ya shule kule Shiling, Kioko ananunua taa, na jirani yetu Athanase wa Goma ananunua viatu. Tunachangia kontena moja hadi Mombasa. Zamani likijaa tulifunga mlango, tukanuniana kidogo, yakaisha. Tangu umpokee Kioko, haya ndiyo yaliyonipata:

1. Anasema kila jambo liamuliwe na aliye karibu nalo zaidi. Aliye karibu na jiko ni mimi. Aliye karibu na sinki, kwa bahati, ni mimi tena. Yeye yuko karibu na kitabu.

2. Ametuletea uenyekiti wa zamu, na mwenyekiti ndiye anayeshika funguo za stoo. Zamu hii ni ya Athanase, ambaye alianza kwa kutangaza Kifaransa kuwa lugha ya kazi. Niliomba kuingia stoo nikajibiwa "après". Sijui Kifaransa, lakini hiyo "baadaye" niliielewa vizuri sana.

3. Mdogo wangu Abigail amekuja kutoka Machakos kunisaidia kazi. Kioko alimbebea sanduku mpaka mlangoni, kisha akamweleza kwa upole kwamba yeye bado ni mwombaji uanachama, na ataingia akishatimiza masharti. Masharti yenyewe yanajadiliwa. Mtoto wa watu yuko kwenye ngazi anakula tambi. Mama akipiga simu namwambia Abigail ametoka kidogo. Profesa, aibu hii niipeleke wapi?

4. Hili ndilo linaloniuma. Siku hizi kontena halifungwi mpaka sote watatu tukubali. Mmoja akipinga, hakuna kinachosogea. Mimi na Kioko tulikubaliana juu ya kufuli, Athanase akapinga rangi yake. Shule nyumbani zinafunguliwa Januari. Mabegi yakifika Februari atanunua nani? Akiba yangu yote imo humo. Nimelia, na mimi silii ovyo. Kioko akanifariji: "Mwikali, hata Ulaya ilichukua miaka."

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, umfelishe. Ukiona vibaya, mhamishie ufugaji wa kuku, ambako mwenye kuku huamua.

Nisalimie walimu wote, wanafunzi, na mlinzi wa getini.

Wako mwenye uchungu,
Mwikali

N.B. Kabla sijafunga bahasha: leo asubuhi Kioko na Athanase wameafikiana, kwa mara ya kwanza, kufunga kontena. Nilisahau kukutajia kwamba nusu ya mabegi yangu bado iko Shiling, maana laoban, yaani bosi wa kiwanda, alishona zipu juu chini. Walikuwa wameshashika mlango. Nikainua mkono nikasema, "Napinga." Wakauachia. Sasa wamekalia marobota wanasubiri lori langu. Tafadhali usimfelishe. Abigail nimemwingiza ndani. Niliyekuwa karibu na mlango ni mimi. Na kama kuna nafasi mwaka ujao, niandike jina. Kioko anasema hakuna haja sote wawili tusome, lakini hilo halijapita. Nimelipinga.